Dakika Tatu Baada ya Vifo

Wanangu mnaoshika maiki sasa hivi, mimi ndiye yule mama niliyekuwa nakuja baada ya matangazo ya vifo. Wengine wenu mlikuwa mnanisikia mkiwa na sare za shule, mama zenu wanawapigia kelele mmalize uji. Nilikuwa naleta vitu vitatu kila asubuhi: neno moja, jambo moja la zamani, na jambo moja la kujua tu. Dakika tatu, halafu muziki.

Nimestaafu mapema, hamsini sijaifikia. Kusema kweli siyo mimi niliyestaafu, ni kipindi. Chenyewe kilipotolewa kilinishika mkono, tukatoka wote. Mmeniomba niwaandikie kidogo namna kazi ilivyokuwa. Naandika kama ninavyoongea, maana kuandika kwenyewe nimejifunzia ukubwani, darasa la jioni, nikitoka kufua mashuka ya wageni pale loji. Mikono inanuka sabuni, nimebanana dawati moja na vijana wanaorudia mtihani. Mwalimu akiuliza swali wao wanatazama chini, mimi nanyoosha mkono. Siyo kwamba nilikuwa na akili kuwazidi. Nilikuwa nimengoja muda mrefu sana kuulizwa kitu.

Redioni niliingia kwa mlango wa kanisa. Nilikuwa msomaji wa masomo misa ya kwanza. Jumapili moja umeme ukakatika katikati ya somo, nikaendelea hivyo hivyo, mpaka mabenchi ya mwisho yakasikia. Benchi la mwisho alikuwa amekaa Vero. Huyu alikuwa dada wa Kilimanjaro aliyekuja Karatu kufuata kazi. Ndiye alikuwa anaendesha mitambo na kupanga vipindi pale redioni. Mdogo kwangu kwa umri, lakini akawa bosi wangu. Alinikamata nje, watu bado wanasalimiana.

"Mama, hilo koo unalitumia kufulia tu?"

"Na kusali."

"Njoo kesho asubuhi studio. Ukichelewa usije."

Sikuchelewa. Nilikuta chumba kidogo kimebandikwa trei za mayai ukutani kote, eti zinameza mwangwi. Ninyi mna yale masponji mazuri, hamjui raha ya kuongea na trei za mayai. Nje ukungu umelala hadi kwenye kizingiti, ndani uko peke yako, Vero yuko upande wa pili wa kioo anapiga miayo. Siku ya kwanza nilipaza sauti kama niko altareni.

"Mama Ema, unahubiri," Vero akaniambia kwenye vile vya masikioni. "Hakuna redio inayosikilizwa na Karatu nzima. Redio moja inasikilizwa na mtu mmoja anapiga mswaki. Ongea na huyo."

"Simjui."

"Basi tafuta unayemjua."

Sikwenda mbali kutafuta. Nina mtoto mmoja tu, Emanueli. Baba yake tulishamzika nyumbani Buger. Emanueli alipomaliza shule alikaa kaa, kazi hakuna, akapata mtu wa kumpeleka Loliondo kuuza duka. Aliniaga vizuri. Nilimwombea, nikamfungia maandazi, akapanda gari. Miezi ya kwanza alipiga simu. Kisha simu zikawa fupi. Kisha ikawa namba haipatikani, na haikupatikana tena. Hatukuwa tumegombana. Ingekuwa tumegombana ningejua pa kuanzia.

Basi nikawa naongea na yeye. Kila asubuhi kabla ya kitu chochote nilikuwa nasema, "Umeamkaje?" Watu walifikiri ni mtindo wangu wa utangazaji, kuna hata watoto walikuwa wananiiga njiani. "Umeamkaje, Mama Redio!" Nacheka nao, napita.

Kumtaja jina hapana. Vero alinikataza mapema, na alikuwa na haki. "Maiki siyo simu ya nyumbani kwako. Leo utamsalimia mwanao, kesho mlinzi anataka kumsalimia shangazi yake Mbulu, keshokutwa hatuna redio, tuna harusi." Nikakubali. Nimekaa na sheria hiyo mpaka siku ya mwisho.

Sasa niwaambie kuhusu vifo. Kwetu huku mtu akifa, ndugu hawawezi kupita kila kitongoji, wanaleta tangazo redioni: fulani wa Mang'ola anasikitika, habari ziwafikie fulani na fulani walioko Endabash, Mbulu na popote walipo. Aliyekuwa anasoma ni mimi, halafu hapo hapo naingia kwenye kipindi changu. Cha kwanza kwenye kazi hii: ujue marehemu ni wa wapi. Usisome msiba wa Mang'ola halafu ukaleta kichekesho cha vitunguu. Nilifanya hivyo. Nilitoka kwenye jina la marehemu nikaanza kueleza kwa nini kitunguu kinaliza, kwamba ukikikata kinatoa hewa inayokutana na maji ya jicho, na kwamba ukikiloweka kwanza unapona. Kina mama wa Mang'ola walipiga simu. Mmoja akasema, "Mama, sisi leo tunalia kwa jambo lingine. Na hivyo vitunguu tunavuna magunia, utaloweka wapi? Ziwani?" Nilimpa pole, naye akanipa pole mimi. Alikuwa mtu mwema.

Kuna kitu kingine kuhusu karatasi zile ambacho Vero mwenyewe alichelewa kukijua. Kila asubuhi, kabla ya taa nyekundu kuwaka, nilikuwa nazipitia zote kwa macho, haraka. Yeye alidhani najiandaa na majina magumu. Mimi nilikuwa natafuta jina la mwanangu. Nikishaona halipo, najifanyia ishara ya msalaba, nasoma misiba ya wenzangu, halafu nauliza, "Umeamkaje?"

Turudi kwenye kazi. Mtaniuliza haya mambo nilikuwa nayatoa wapi. Vitabu vya kuokota okota, kamusi moja iliyotoka jalada, madereva wa watalii, na watu wa kawaida. Ila Vero alikuwa na kipimo chake. Kila jambo uliulize kwa watu wawili wasiopendana. Wakikubaliana, lipeleke hewani. Siyo mchezo, jaribuni. Niliambiwa tembo wanashuka kutoka msituni huku juu ya mashamba yetu, wanachimba ukuta wa mlima kwa pembe na kula udongo. Nikaona uongo huu. Nikamuuliza mkulima ambaye tembo walikuwa wamelala kwenye mahindi yake, nikamuuliza na askari wa wanyama. Hao wawili hawasalimiani. Wote wakasema ni kweli, wanafuata chumvichumvi ya udongo. Nikaitangaza kwa raha zangu. Hivyo hivyo nikajua kwamba Oldupai ni jina la ile katani ya porini inayoota bondeni kule, wageni wa kwanza wakaliandika vibaya na dunia nzima ikalibeba vile. Na maneno kama meza na leso, tunayatumia kila siku na hatujui tuliachiwa na Wareno. Siku niliyosema hivyo jirani yangu alikuja na leso yake mkononi. "Kwa hiyo wanaitaka?"

Lakini jambo laweza kuwa la kweli kabisa na bado likakutia matatani. Asubuhi moja nilieleza zile nyumba za zamani za Wairaqw, walizokuwa wanazichimba ndani ya mlima mpaka paa linalingana na ardhi, mtu anapita juu na hajui chini yake watu wanasonga ugali. Nikaeleza na sababu: walikuwa wanajificha, Wamaasai wasije wakachukua ng'ombe. Nilishawauliza watu wawili. Nikazima maiki, nikaenda kunywa chai, nimeridhika.

Nilichosahau ni kwamba siku ile ilikuwa ya mnada. Na mnadani ndiko wote walikokuwa, Wairaqw, ndio hao wanaoitwa pia Wambulu, Wamaasai, Wabarbaig, uwanja mmoja, kila mtu na fimbo yake, na redio ziko wazi kwenye vibanda vyote vya nyama choma.

Haikupita muda mzee mmoja wa Kimaasai akasimama mlangoni pa studio. Shuka jekundu, kofia ya sufu, mrefu hadi akainama kuingia.

"Takwenya, yeyo."

"Iko, baba," nikaitikia salamu yake kwa Kimaasai. "Karibu."

"Wewe ndiyo ile ya redio?"

"Ndiyo mimi."

"Nimekuja kwa sababu ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani tena, baba?"

"Ile ulisema babu yangu alichukua. Nimeleta dume zangu mnadani, nikitaja bei, Mmbulu anashika mkia anasema, 'Huyu ni wetu, redio imesema, lete bure.' Wote wanacheka. Mpaka sasa sijauza hata moja."

Vero alikuwa amejificha chini ya meza ya mitambo anacheka, namwona mabega. Nikamwomba mzee samahani.

"Samahani sitaki. Kesho sema na wale waliochukua ya kwetu. Useme saa ile ile. Na usiseme haraka haraka."

Akakaa, akaletewa chai, akatutajia ng'ombe wa ukoo wake waliochukuliwa enzi hizo, mmoja mmoja, kwa rangi zao na umbo la pembe, kama anataja wajomba zake. Kesho yake nikawasema wote, taratibu kama alivyotaka. Mnada uliofuata, naambiwa, zamu ya kushika mikia ilikuwa ya Wamaasai. Mimi nikabaki na jina la Mama Ng'ombe. Vero akabandika tarehe za mnada juu ya maiki, akaandika kwa wino mwekundu: HISTORIA LEO HAPANA. Simu zenu zinajua mengi kuliko mimi, sibishi. Ila hazijui kesho ni mnada.

Redio yetu haikuwa na nguvu ya kuvuka milima. Ukishapanda kule kwenye ukingo wa kreta, inakwaruza, inakufa. Kwa hiyo nilikuwa najua kabisa naongea na mtu ambaye hanisikii. Nilikuwa nimeshazoea, hata kusali mtu unazoea kutojibiwa papo hapo.

Halafu wakaja vijana wa kuuza nyimbo. Mnawajua, wale wa stendi wenye kompyuta moja na spika moja, unawapa memori kadi wanakujazia. Mmoja wao akaanza kurekodi kipindi changu na kukichomeka katikati ya nyimbo, kwa sababu wateja wake wachunga ng'ombe walikuwa wanapenda. Hakuniomba ruhusa. Vero alitaka kwenda kumfokea, nikamshika kanga. Kadi zile zilikuwa zinaenda na malori mpaka kwenye maboma ambako redio yetu haijawahi kufika. Kuanzia hapo nikaacha kusema "leo" na "jana" nikiwa hewani, ili asikilizaye mwezi ujao asijione amechelewa. Hili nalo liwekeni kichwani.

Aliyeniletea habari ni dereva wa lori, Mmachame mmoja tunamwita Mangi, anapakia unga na sabuni Karatu anapeleka Loliondo. Tulikutana kwenye mgahawa, akaanza kunisema kutoka mbali.

"Mama Ema, wewe unafukuza wateja wa watu!"

"Nimefanya nini tena?"

"Kuna duka moja Oloipiri, huko huko Loliondo, huwa napumzika pale. Nikaweka kadi yangu kwenye redio yao. Wimbo ukaisha, ukaingia wewe. Umesema tu 'umeamkaje', yule kijana wa duka akaacha kila kitu akatoka nje. Kuna mama alikuwa anapokea kiberiti, mkono ukabaki hewani."

"Labda alibanwa."

"Hata mimi nikasema amebanwa. Safari nyingine nikaweka tena. Akatoka tena! Ulipomaliza, karudi, anauza kama kawaida. Wenyewe kule wamezoea. Wanamwita Mkaratu."

Nikaweka kikombe chini. "Amekaaje huyo kijana?"

"Amekaa kama kijana. Ila anavaa soksi na ndala, Mama! Kwenye vumbi lile! Nikamuuliza, dogo, unaumwa? Anasema amezoea baridi ya kwao."

Buger kuna baridi, wanangu. Kuna mtoto mmoja aliyekuwa hakanyagi sakafu ya nyumba yangu bila soksi, tangu alipojua kutembea, na ndala alikuwa anazitanua kwa kidole gumba mpaka zinakatika kamba. Nilimuuliza Mangi kama alimwambia yule kijana kwamba ananifahamu.

"Nimwambie ili iweje? Mtu hakupendi, Mama, nitakulazimishia?"

Sikumwambia ni mwanangu. Niliona aibu.

Jioni ile nilipita kanisani, hakuna mtu, nikapiga magoti benchi la mwisho. Nikamshukuru Mungu kwamba yu mzima. Tangu siku ile sikutafuta tena jina lake kwenye karatasi za vifo. Lakini nilipata mzigo mwingine. Mwanzo nilikuwa naongea na mtu asiyenisikia. Sasa nilikuwa naongea na mtu anayenisikia na anaondoka. Nikamfuata Vero, nikamwambia yote, na nikamwomba ile salamu tuiondoe, niwe naanza na neno la siku moja kwa moja.

Vero hakucheka safari hii. Akasema, "Asiyesikia hana haja ya kutoka. Usibadilishe kitu."

Sikubadilisha. Mvua ikanyesha, jua likawaka, mahindi yakavunwa, mimi nauliza mtu ameamkaje.

Kufungwa kwa kipindi hakukuwa na ubaya. Uongozi ulipanga ratiba upya, Vero alishapata kazi Moshi, na mtangazaji kijana sasa anaweza kusoma mambo kama yale kutoka kwenye simu yake huku anachagua wimbo. Waliniita vizuri, wakanikatia keki. Asubuhi ya mwisho nilieleza neno shule, kwamba ni la Wajerumani. Nikamaliza, taa ikazimika, nikachukua mkoba.

Nikiwa nyumbani ndipo ikanijia. Mpaka hapo, hata kama alikuwa anatoka nje, alikuwa anajua mama yake yupo. Kadi zitajazwa nyimbo mpya, mimi nitafutwa. Kabla sijafutwa nikataka kujua kitu kimoja tu, mwanangu anakimbia nini kwenye sauti yangu. Nikamfuata Mangi stendi, nikamwambia yule kijana ni wangu, anipeleke. Alishika kichwa. Njia nzima, tumepita geti la hifadhi, tumepita ukungu wa ukingoni, tumeshuka kwenye vumbi, alikuwa ananiomba msamaha kwa kusema hanipendi. Nikamwambia, "Mangi, endesha."

Tulifika mchana. Duka la mabati, mlango mmoja, ndani kina mama wa Kimaasai wamesimama na shanga zao, na nyuma ya kaunta ni yeye, anapima sukari. Amekonda, ana ndevu. Nilikuwa na jua mgongoni, hakuniona sura.

Nikasema, "Umeamkaje?"

Akaweka sukari chini. Akazunguka kaunta ameinamisha kichwa, akapita pembeni yangu karibu kabisa, akatoka nje.

Mangi akatazama pembeni. Kina mama wakanitazama mimi, kisha wakatazama ile redio, imezimwa. Nikamfuata. Alikuwa amesimama nyuma ya duka, amenipa mgongo, uso kwenye uzio wa miiba, na nikamsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu aliye jikoni kwao:

"Shikamoo, Mama."

"Ema. Ndicho unachofanya huku?"

Hakugeuka. "Mama ananiuliza nimeamkaje, nitakaaje kimya? Na siwezi kuamkia redio mbele ya wateja. Watasema Mkaratu kichwa kimeruka."

"Na simu, baba? Kwa nini simu hukupiga?"

"Kwenye simu ungeniuliza naendeleaje, Mama. Na siendelei vizuri, duka lenyewe siyo langu. Redioni unaniuliza nimeamkaje tu. Hilo nilikuwa na jibu lake."

Nikamwambia, "Marahaba." Akageuka. Nikasema tena, "Marahaba, baba," na nikaendelea kuisema, kwa sababu kulikuwa na nyingi za nyuma sikuwa nimeitikia.

Ndani ya duka mama mmoja akapiga kelele, "Mkaratu! Sukari!"

Amebaki kule, kazi ni kazi. Mimi nimerudi kwenye nyumba yenye kiti kimoja kinachokaliwa, na mtandao wa kule bado ni wa kubahatisha. Naamka saa ile ile, nawasikiliza ninyi, na mnafanya vizuri. Ila mnakimbia. Mnasalimia, na kabla salamu haijatua mmeshaingia kwenye jambo lingine. Nawaomba mkishasalimia mngoje kidogo, kiasi cha mtu kuweka sukari chini, kutoka nje, na kuitika.